Al-Biruni: Mateka Aliyepima Umbali wa Miji

Hujaji wa Mombasa aketipo katika uwanja wa ndege wa Moi, begi lake pajani na jamaa zake wakimwombea dua, swali ambalo halimwondoki moyoni ni la muda: tutafika saa ngapi? Kutoka uwanja huo hadi uwanja wa Mfalme Abdulaziz ulioko Jidda ni kiasi cha kilomita 2,850 kwa njia ya angani. Ndege kubwa ya abiria, ambayo mwendo wake ni kilomita 800 kwa saa au zaidi kidogo, ingeweza kuimaliza safari hiyo kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne, lau ingekwenda moja kwa moja pasipo kutua penginepo. Wazee wetu waliokwenda kwa vyombo vya baharini walihesabu siku na majuma, na mwenye jahazi alikuwa hana budi kuusubiri upepo wa kusi.

Viwanja viwili hivyo vina jambo moja la ajabu. Vyote vimo baina ya digrii 39 na 40 za longitudo ya mashariki, na mji mtukufu wa Makka nao umo humo humo. Hujaji wetu basi huelekea kaskazini karibu bila ya kupinda, na ashukapo Jidda hana haja ya kugeuza saa yake ya mkononi. Adhuhuri ya Mombasa na adhuhuri ya Makka zaachana kwa muda usiofika dakika mbili. Tena ndiyo sababu mihrabu za misikiti yetu ya pwani zaelekea kaskazini, na ndiyo sababu wazee walizoea kuuita upande huo kibula.

Kwa hivyo sisi wa pwani tumesahilishiwa. Lakini fikiri, msomaji, hali ya Mwislamu aliyekuwa akiishi miaka elfu iliyopita katika mji ulio nyuma ya milima na majangwa, hajui Makka iko umbali gani wala aelekeze uso wapi, na wasafiri wamwambia kila mmoja lake. Katika mji kama huo aliishi mtu aliyekataa kukisia. Hakuuchagua mji huo. Alipelekwa kwa nguvu ya sultani. Mtu huyo ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, na maisha yake ndiyo tunayoyasimulia leo.

MTOTO WA KATH

Al-Biruni alizaliwa tarehe 4 Septemba, mwaka 973, ambao ulikuwa mwaka 362 wa Hijra, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm. Nchi hiyo ilikuwa kando ya mto mkubwa ambao Waarabu waliuita Jaihun, na leo waitwa Amu Darya. Mahali hapo pamo katika Uzbekistan ya sasa, na mji uliopo huko umepewa jina lake, Beruniy. Inasemekana kwamba jina la Biruni latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa alizaliwa kiungani, nje ya kuta za mji.

Hakuwa mtoto wa wakubwa. Bahati yake ilikuwa kumpata mwalimu aliyekuwa wa ukoo wa watawala na papo hapo bingwa wa hesabu, Abu Nasr Mansur bin Iraq. Mwalimu huyo alimfunza elimu ya nyota na hesabu za pembetatu, akawa rafiki yake kwa miaka mingi. Kijana aliipata elimu upesi. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alikwishapima jinsi jua linavyopanda mbinguni hapo Kath, na kwa kipimo hicho akaijua latitudo ya mji wake, yaani mji huo uko mbali kiasi gani na ikweta.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, na sivyo lilivyo. Kijana huyo alitambua mapema kwamba kila mji una anwani yake mbinguni. Mwenye kujua kuisoma anwani hiyo aweza kuujua mji ulipo hata kama barabara zake zimezibwa na vita.

Na vita havikukawia. Mwaka 995 mtawala wa Kath aliuawa na amiri wa mji jirani wa Gurganj, na Al-Biruni akalazimika kukimbia. Kwa muda aliishi Rayy, karibu na mahali ulipo mji wa Teheran leo, katika hali ya ufukara. Mwenyewe ameandika kwamba huko mnajimu mmoja alimdharau kwa sababu ya umaskini wake, na akageuka kuwa rafiki hali yake ilipotengenea. Walakini huko huko Rayy alikutana na Al-Khujandi, aliyekuwa amejenga chombo kikubwa mno cha kupimia jua, akazungumza naye juu ya kazi hiyo na kasoro zake. Tumbo lilikuwa na njaa, lakini akili haikulala.

MWEZI ULIOKUWA SAA

Sasa tufike kwenye usiku mmoja ambao wastahili kukumbukwa na kila anayepanda ndege. Ni usiku wa tarehe 24 Mei, mwaka 997. Al-Biruni alikuwa amerudi Kath, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Huko Baghdad, mbali sana upande wa magharibi, alikuwako mzee bingwa wa elimu ya nyota, Abul-Wafa Al-Buzjani. Wawili hao walikuwa wamekwishaagana kwamba usiku huo mwezi utakapopatwa, kila mmoja ataitazama saa ya mji wake.

Maana ya maagano hayo ni hii. Latitudo ya mji yaweza kujulikana kwa kulipima jua au nyota hapo hapo ulipo. Longitudo ni taabu zaidi, kwa sababu dunia yazunguka na mbingu za mashariki hupita magharibi. Lazima ujue kwamba saa fulani katika mji wako ni saa gani katika mji mwingine. Leo jambo hilo ni la kupiga simu tu. Wakati ule hapakuwa na simu wala saa ya kubeba mfukoni. Lakini mwezi unapopatwa, watu wote wauonao huona jambo hilo kwa pamoja, wa Kath na wa Baghdad, kwa dakika ile ile. Mwezi ukawa ndio saa yao moja.

Walipolinganisha vipimo vyao, waliona kwamba wakati wa Kath ulikuwa mbele ya wakati wa Baghdad kwa muda wa saa moja hivi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hivyo kila saa moja ni digrii 15. Vipimo vya leo vyaonyesha kwamba tofauti ya miji hiyo ni kidogo kupita digrii 16. Watu wawili ambao misafara ingechukua majuma mengi kuwakutanisha walikuwa wameupima umbali uliowatenga, kila mmoja akiwa amesimama juu ya dari yake.

Baada ya hapo Al-Biruni aliishi Gurgan, kusini ya bahari ya Kaspi, chini ya amiri Qabus. Hapo, kiasi cha mwaka 1000, aliandika kitabu chake kikubwa cha kalenda na sikukuu za mataifa ya kale. Kisha akarudi kwao Khwarazm, akawa mshauri wa mtawala mpya katika mji wa Gurganj. Hiyo ilikuwa miaka ya neema. Alikuwa karibu na mwalimu wake, alikuwa na vyombo vya kazi, na mtawala alimheshimu.

MATEKA WA SULTANI

Mwaka 1017 neema hiyo ilikatika. Askari wa Khwarazm waliasi, wakamuua mtawala wao. Sultani Mahmud wa Ghazna, aliyekuwa shemeji ya marehemu na mwenye nguvu kupita wafalme wote wa upande ule, aliivamia nchi akaitwaa. Aliporudi kwake alichukua mali na askari, na pamoja navyo akachukua wanavyuoni. Al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Al-Biruni alikuwa na umri wa miaka 44.

Ghazna imo katika nchi ya Afghanistan ya leo, mji wa milimani wenye baridi kali. Al-Biruni hakutiwa minyororo, na baadaye alipata cheo katika baraza. Lakini hakuwa na hiari ya kuondoka. Kila alikokwenda sultani kwa vita, naye aliweza kuitwa afuate. Mtu wa namna hiyo angeweza kuketi akalia kwa kukumbuka kwao. Al-Biruni alikataa jambo moja tu: kukaa mahali asipopajua palipo.

Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1018 alikuwa katika kijiji cha Jaifur, karibu na Kabul. Alitaka kulipima jua, na vyombo vyake havikuwako. Alichukua ubao wa kufanyia hesabu, nyuma yake akachora kipande cha duara, akakigawa kwa digrii, akatundika timazi ya uzi. Kwa ubao huo akaipata latitudo ya kijiji. Fundi mwashi wa Lamu angekitambua chombo hicho mara moja. Si chombo kilichokuwa kikubwa. Mtu aliyekishika ndiye aliyekuwa mkubwa.

KUTOKA BAGHDAD HADI GHAZNA

Jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa kibla ya Ghazna. Baina ya mji huo na Makka pana kiasi cha kilomita 3,100 kwa mstari wa moja kwa moja. Katika masafa hayo, mtu akikosea upande kwa digrii moja tu, mstari wake utapita kando ya Makka kwa zaidi ya kilomita 50. Dini haikumtwika mja jambo lililo nje ya uwezo wake. Lakini Al-Biruni aliona kwamba mwenye uwezo wa kujua hana udhuru wa kukisia.

Ili kuijua kibla ilimpasa kwanza kuujua umbali wa Ghazna na miji mingine iliyokwisha kupimwa, hasa Baghdad. Akaandika juu ya kazi hiyo kitabu kizima, kinachojulikana kwa ufupi kama Tahdid, akakimaliza mwaka 1025.

Njia aliyoifuata ni hii. Aliikusanya habari ya misafara, yaani baina ya mji na mji pana farsakh ngapi, na farsakh moja ni maili tatu za Kiarabu. Lakini alijua kwamba ngamia haendi kama aendavyo ndege wa angani. Msafara huzunguka mlima, hufuata kisima, hukwepa wanyang'anyi. Kwa hivyo alipunguza katika hesabu sehemu ya kombo la njia. Kisha akaitazama latitudo ya kila mji, na kwa hesabu za pembetatu zilizochorwa juu ya tufe, si juu ya karatasi iliyonyooka, akaipata tofauti ya longitudo.

Hakuridhika na njia moja. Alitoka Baghdad kwa hesabu akapita kaskazini, kwa Rayy, Gurganj na Balkh, mpaka Ghazna. Kisha akaanza tena Baghdad akapita kusini, kwa Shiraz na nchi ya Sijistan, mpaka Ghazna ile ile. Shahidi mmoja hakumtosha. Alitaka mashahidi wawili wasiojuana.

Jibu lake lilikuwa kwamba Ghazna iko mashariki ya Baghdad kwa digrii 24 na sehemu ndogo ya digrii. Leo, kwa vyombo vinavyopimwa kutoka angani, tofauti hiyo ni takriban digrii 24. Alikosea kwa chini ya nusu digrii, kwa kutumia maneno ya wenye ngamia, kivuli cha jua na subira yake.

Tukiigeuza hesabu hiyo kwa lugha ya abiria wa leo, Baghdad na Ghazna zimetengana kwa kiasi cha kilomita 2,200 angani. Ndege ingeimaliza safari hiyo kwa muda usiofika saa tatu. Na kwa kuwa digrii 24 ni saa moja na dakika 36, jua la adhuhuri likisimama juu ya Baghdad, watu wa Ghazna huwa wamekwisha kuswali na wamerudi makazini. Hayo yote yamo ndani ya hesabu ya Al-Biruni, na hakuna aliyekuwa na ndege.

MLIMA WA NANDANA

Kuijua digrii hakutoshi. Lazima ujue digrii moja ni masafa gani ardhini, na kwa hilo lazima uujue ukubwa wa dunia yenyewe. Karne mbili kabla yake, Khalifa Al-Maamun wa Baghdad alikuwa amewatuma watu jangwani watembee moja kwa moja mpaka urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike kwa digrii moja, huku wakiipima ardhi kwa kamba. Ilikuwa kazi ya gharama na watu wengi. Al-Biruni hakuwa na watu wala jangwa la namna hiyo.

Katika safari za sultani za upande wa Bara Hindi alifikishwa kwenye ngome ya Nandana, katika Punjab ambayo leo imo Pakistan. Hapo aliona mlima uliosimama juu ya uwanda mpana. Kwanza aliupima urefu wa mlima akiwa chini. Kisha akaupanda, akatazama mpaka pale mbingu na ardhi zinapokutana, akapima jinsi upeo huo ulivyoinama chini ya usawa wa jicho lake. Pembe hiyo ilikuwa ndogo sana, dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa vipimo viwili hivyo, urefu wa mlima na mwinamo wa upeo, akapata ukubwa wa dunia nzima.

Wataalamu bado wanajadiliana juu ya urefu wa dhiraa aliyoitumia, lakini makadirio yao mengi yaonyesha kwamba alilikaribia sana jibu la leo, ambalo ni mzingo wa kilomita 40,000 hivi. Mtu mmoja, mlima mmoja na chombo kimoja.

JUA LISILOTUA

Sultani Mahmud hakuwa mtu mwepesi wa kukaa naye. Mwandishi Yaqut amesimulia kwamba siku moja mjumbe kutoka nchi za mbali za Waturuki alieleza mbele ya baraza kuwa ameona huko, karibu na ncha ya dunia, mahali ambapo jua huzunguka bila ya kutua. Sultani alikasirika, akayaona maneno hayo kuwa ni ya ukafiri. Mmoja wa waliokuwako akakumbusha kwamba mtu huyo haleti rai, bali asimulia alichokiona, akataja habari ya Dhul-Qarnaini katika Surat al-Kahf. Kisha akaulizwa Al-Biruni. Yeye akafafanua kwa utulivu jinsi umbo la dunia linavyosababisha jambo hilo. Mjumbe akasalimika. Pengine ndilo somo la kwanza la jiografia lililomwokoa mtu roho yake.

Vita vya Mahmud katika Bara Hindi vilileta ngawira nyingi. Al-Biruni alileta kitu kingine. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa Kihindu, akaandika kitabu juu ya dini, hesabu na desturi zao, alichokimaliza kiasi cha mwaka 1030. Ndani yake aliwaeleza watu wasiokuwa wa dini yake kwa uadilifu, kama wajielezavyo wenyewe, kabla ya kutoa rai yake. Mwaka huo huo Mahmud alifariki, na mwanawe Mas'ud akatawala baadaye.

Kwa Sultani Mas'ud aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, al-Qanun al-Mas'udi. Yasimuliwa kwamba sultani alimpelekea tunzo ya fedha, mzigo wa ndovu mzima, naye akairudisha kwa kuwa hakuihitaji. Yule kijana aliyedharauliwa Rayy kwa umaskini sasa aliweza kuukataa utajiri.

MWISHO WAKE

Al-Biruni aliandika zaidi ya vitabu na risala 100, na hata uzeeni alikuwa akikusanya kitabu cha madawa. Alifariki Ghazna, kwa kauli iliyo mashuhuri mwaka 1048, ingawa wengine husema aliishi miaka michache zaidi.

Juu ya mauti yake Yaqut amehifadhi kisa kimoja. Mwanasheria rafiki yake alikwenda kumzuru akamkuta katika hali ya kukata roho. Mgonjwa akamwuliza juu ya suala la mirathi ya nyanya wa upande wa kuukeni, ambalo waliwahi kulizungumza. Rafiki alimhurumia, akaona huo si wakati wake. Al-Biruni akamfahamisha kwamba ni bora kuiaga dunia akiwa analijua suala hilo kuliko kuiaga akiwa halijui. Akaelezwa, akalirudia mpaka akalihifadhi. Rafiki alipotoka, kabla hajafika mbali, alisikia kilio nyumbani.

Leo jina lake limepewa shimo kubwa lililoko juu ya mwezi, ule mwezi uliomtumikia kama saa alipokuwa kijana. Hiyo ni heshima. Lakini heshima iliyo karibu nasi zaidi ni ile namba ya kilomita anayoisikia abiria rubani anapotangaza umbali wa safari na muda wa kufika. Ndege za masafa marefu hufuata, kila inapowezekana, ule mstari mfupi juu ya tufe ambao Al-Biruni na wenzake waliufanyia hesabu kwa ajili ya kibla. Sala ilitangulia, safari ikafuata.

Basi hujaji wetu wa Mombasa atakapofunga mkanda wa kiti chake na kuelekea kaskazini, amkumbuke pia katika dua zake mtu huyo wa Kath. Hakuuchagua mji wa kuishi wala wa kuzikwa, lakini popote alipowekwa aliuliza niko wapi, Makka iko wapi, na baina yetu pana nini. Wala hakulala mpaka alipopata jibu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi tulio na vyombo vingi kuliko vyake japo sehemu ya bidii yake.